Studebaker Daytona la 1964 la paa la kukunjwa: tuliuze lilivyo au tutengeneze injini kwanza?

Mrithi wa Tudor:

Assalamu alaykum, na salamu kwa wote. Naomba ushauri wa wanaoyajua magari ya zamani ya Marekani, kwa sababu hapa Mombasa karibu kila niliyemuuliza amegeuka kuwa mnunuzi kabla sijamaliza swali langu.

Marehemu baba yetu ametuachia Studebaker Daytona la mwaka 1964, la milango miwili, lenye paa la turubai linalokunjwa na kulazwa nyuma ya viti. Usukani uko kushoto. Alilinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa akirejea kwao baada ya mkataba wake wa kazi kumalizika, na hadi leo lina namba ya zamani ya herufi tatu na tarakimu tatu, isiyo na herufi ya mwisho. Logbuku ya karatasi ipo, na jina lililomo ni la baba. Gari limekaa bandani kwetu Tudor, karibu na hori, likiwa limefunikwa, na tangu baba aanze kuugua hakuna aliyeliwasha. Kabla ya hapo lilikuwa likitoa moshi wa buluu, geji ya oili ilikuwa ikishuka kila injini ilipopata moto, na kulikuwa na mlio wa kugonga uliosikika kutoka chini.

Nimepewa rai tatu. Fundi wa mtaani anataka kuifungua injini yote na kuijenga upya, tena anataka malipo ya awali. Dalali mmoja anasema tuitoe injini hiyo na kutia ya Toyota pamoja na giaboksi yake, kwani, kwa maneno yake, hakuna atakayenunua gari ambalo vipuri vyake havipatikani. Dalali wa pili yuko tayari kulichukua lilivyo kwa shilingi laki tatu na kulipakia kesho yake. Mama na ndugu zangu wamekubali liuzwe, kwa kuwa hakuna kati yetu mwenye nafasi ya kulitunza, lakini baba alilipenda sana gari hili na hatutaki litoke mikononi mwetu kwa bei ya chuma chakavu. Je, tutengeneze kwanza au tuuze lilivyo? Mnunuzi wa gari kama hili yuko wapi? Na bei yake mtu huikadiria vipi?

Fundi Mstaafu, Changamwe:

Wa alaykumu salaam, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Ninalokuomba kabla ya yote ni kwamba usimruhusu mtu yeyote ajaribu kuliwasha gari hilo, iwe kwa ufunguo, kwa kulisukuma au kwa kulivuta kwa kamba, mpaka injini ikaguliwe. Injini iliyolala muda mrefu karibu na maji ya chumvi hushika kutu kwenye kuta za zile silinda ambazo vavu zake zilibaki wazi, na ringi za pistoni hugandamana na chuma. Ukiizungusha kwa nguvu za stata, ringi huvunjika na kuikwaruza silinda, na kazi ambayo ingekuwa ya kusafisha hugeuka kuwa ya kuchonga silinda na kutafuta pistoni za saizi kubwa zaidi.

Anza kwa kuchomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ujue maji yameingia, na hapo mazungumzo ya bei yanabadilika. Kisha toa plagi zote nane, tia kwenye kila tundu kiasi kidogo cha oili nyepesi ya giaboksi ya otomatiki iliyochanganywa na dizeli, na uiache siku kadhaa ipenye. Baada ya hapo izungushe injini kwa spana, ukishika nati iliyo mbele ya krankishafti, yaani mtaimbo mkuu unaozungushwa na pistoni, kidogo mbele na kidogo nyuma, bila kulazimisha. Ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kukwama, umekwisha kupata habari yenye thamani kubwa, na haijakugharimu ila muda. Sasa unaweza kutumia betri nzuri, plagi zikiwa nje, kupima mgandamizo wa kila silinda kwa geji. Usihangaike sana na ukubwa wa namba, kwani geji zetu nyingi hazikubaliani. Tazama tofauti baina ya silinda na silinda. Iliyo chini sana kuliko wenzake itie kijiko cha oili, upime tena: namba ikipanda, ringi zimechoka; isipopanda, tazama vavu au gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya silinda na kifuniko chake cha juu.

Kuhusu mlio, jambo hili linahitaji sikio la mtu aliyezoea. Injini ya V8 ya Studebaker, yaani ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, ina tapeti (visukumio vya vavu) za kurekebishwa kwa skrubu, wala si zile zinazojirekebisha zenyewe kwa oili, na zikilegea hutoa mlio mkali wa haraka unaotoka juu. Mlio huo si ugonjwa, huondolewa kwa spana na kipimo cha nafasi katika muda wa asubuhi moja. Lakini wewe umesema mlio ulitoka chini, na kwamba oili ilipungua nguvu injini ilipopata moto. Mambo hayo mawili yakienda pamoja, mimi huzishuku beringi za konrodi, yaani za vile vyuma vinavyounganisha pistoni na krankishafti, kabla ya kitu kingine chochote. Ndiyo sababu ya kukataza isiwashwe: krankishafti ya injini hii ni ya chuma cha kufuliwa, ngumu na ya kuaminika, na ikiwa haijaumia huweza kusagwa na kutiwa beringi za saizi inayofuata. Ukiiendesha ikigonga, kila dakika unakula kwenye krankishafti yenyewe.

Sasa tuzungumzie injini hiyo ni ipi. Mbele ya bloku, yaani mwili wa injini, juu, upande wa kushoto wa gari, kuna sehemu tambarare iliyogongwa namba. Ikianza na V, ni ya inchi za ujazo 259, yaani takriban lita 4.2, ikianza na P, ni ya 289, takriban lita 4.7. Usikubali mtu akwambie kwamba 289 ya Studebaker ni sawa na 289 ya Ford iliyokuwa kwenye Mustang. Ujazo umelingana tu, injini hizo ni mbili tofauti kabisa na hazigawani vipuri, na nimewaona watu wakiagiza gasketi kwa kosa hilo. Namba ya gari lenyewe iko kwenye kibati cha nguzo ya mlango wa mbele kushoto, na kwa gari la V8 lililoundwa kwenye kiwanda cha South Bend, Marekani, mwaka huo huanza na 64V. Zipige picha namba zote mbili kabla ya kusugua au kupaka rangi mahali popote.

Na hapo ndipo ninapokuja kwenye rai ya injini ya Toyota. Naijua injini ya Toyota na naiheshimu, nimeishi kwayo. Lakini gari hili halinunuliwi kwa ajili ya kwenda sokoni Kongowea. Studebaker ilianza kuunda mikokoteni ya farasi mwaka 1852 mjini South Bend, jimbo la Indiana, na Desemba 1963 ikakifunga kiwanda chake cha hapo. Kazi ilihamia Hamilton, nchini Kanada, ambako magari ya paa la kukunjwa hayakuundwa hata moja, na Machi 1966 Hamilton nako kukafungwa. Kwa hiyo modeli ya 1964 ya paa la kukunjwa iliundwa kwa miezi michache tu, tangu modeli za mwaka huo zilipoanza kutoka hadi Desemba ile ya 1963. Hiyo ndiyo sababu ya uchache wake, na ndiyo sababu ya mtu kulitaka. Ukiitoa injini iliyozaliwa nalo, ukakata misingi yake ili ya Toyota ikae, umeondoa kile hasa ambacho mnunuzi anakilipia. Juu ya hayo, namba ya injini imeandikwa kwenye logbuku, na ukiibadilisha injini utalazimika kwenda kubadilisha rekodi NTSA, mamlaka inayosajili magari.

Mpenda Magari, Nyali:

Ndugu Mrithi, pole kwa msiba. Namheshimu mzee wangu wa Changamwe na sina neno juu ya injini ya Toyota, nakubaliana naye kabisa. Lakini kuhusu kuuza lilivyo ninatofautiana.

Wenye fedha za kununua gari la kale hapa Kenya ni wachache, na wengi wao si mafundi. Wanataka kuliendesha Jumapili asubuhi kutoka Nyali hadi Mtwapa, na mara moja kwa mwaka kulipeleka kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi. Mtu wa namna hiyo akisikia kwamba gari haliwaki, hasikii neno la pili. Nimeshuhudia gari zuri la Kiingereza likikaa sokoni muda mrefu bila kuulizwa, na lilipotengenezwa kabureta na breki tu, likanunuliwa na mtu wa kwanza kulipanda. Ndiyo maana ninasema: msijenge injini upya, lakini liwekeni gari katika hali ya kuwaka na kutembea uani. Safisheni tangi la mafuta na mirija yake, tengenezeni kabureta, badilisheni mipira ya breki na ya maji. Gari linalojongea lenyewe humpa mnunuzi moyo.

Fundi Mstaafu, Changamwe:

Bwana wa Nyali, kwa gari ambalo ugonjwa wake ni kabureta, nakubaliana nawe bila sharti. Kwa gari linalogonga chini, kuliwasha ili kumfurahisha mnunuzi ni kuiuza krankishafti kwa dakika tano za furaha. Sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, ishushwe kwanza, beringi mbili tatu zitazamwe, kisha tuzungumze. Na tangi lisafishwe hata hivyo, maana petroli iliyolala humo imekwisha kuwa gundi.

Mkusanyaji, Nairobi:

Naomba niseme kama mtu ambaye hununua magari ya aina hii, kwa kuwa mazungumzo yote yamekuwa juu ya injini, na injini si kitu cha kwanza ninachokitazama.

Gari la paa la kukunjwa halina paa la chuma la kulishikilia pamoja, kwa hiyo nguvu zake zote ziko chini. Studebaker waliliwekea gari hili fremu nzito zaidi kuliko la kawaida, yenye vyuma vilivyopishana kwa umbo la X katikati. Chumvi ya Mombasa ikiingia kwenye fremu hiyo, kwenye sakafu na kwenye mihimili iliyo chini ya milango, gari hujipinda katikati, na gharama ya kurekebisha hilo hupita gharama ya injini mbili. Injini inatolewa, inapelekwa kwa fundi, inarudi. Fremu iliyooza ni gari zima kuanza upya.

Kwa hiyo, ndugu Mrithi, kabla ya kutumia shilingi moja kwenye injini, fanya hivi. Simama kando ya gari likiwa kwenye matairi yake na utazame mwanya ulio kati ya mlango na ubavu wa nyuma: je, ni sawa kuanzia juu hadi chini, au umebana juu na kuachia chini? Kisha weka jeki chini ya fremu, si chini ya sakafu, liinue kidogo upande mmoja, na ujaribu kuufungua na kuufunga mlango. Ukifunga kama kawaida, una gari imara na mimi nitakupigia simu kabla ya dalali wako. Ukigoma, lazima useme hivyo kwenye tangazo. Gonga sakafu yote kwa mpini wa bisibisi, nyanyua mazulia, tazama chini ya kiti cha nyuma na sehemu ambayo turubai hulala likikunjwa, kwani maji ya mvua hujikusanya hapo bila kuonekana. Piga picha za kila kitu, hasa vibaya. Muuzaji aliyenionyesha kutu kabla sijaiuliza nimemlipa vizuri zaidi kuliko aliyenionyesha rangi mpya.

Kuna mambo mengine matatu. Mbavu za chuma zinazolishikilia turubai, vioo, na urembo wote wa kromu vina thamani kuliko mnavyodhani, hata vikiwa ndani ya boksi, kwa sababu turubai jipya hushonwa popote lakini mbavu za gari la miezi michache hazishonwi. Msitupe kitu. Pili, jumba la makumbusho la Studebaker lililoko South Bend limehifadhi hati za uzalishaji za kiwanda, na kwa ada hutoa nakala ya hati ya gari lako ukiwapa namba ya kibati. Hati hiyo huonyesha gari lilitoka kiwandani na injini ipi, rangi ipi, na vifaa gani vya ziada. Agiza leo. Hakuna matengenezo yoyote yatakayokuongezea bei kwa gharama ndogo namna hiyo, kwa kuwa ikithibitisha kwamba injini iliyomo ndiyo iliyowekwa South Bend, mnunuzi hana tena hoja ya kukushusha kwa mashaka.

La tatu ni bei. Usianze na laki tatu ya dalali kisha ukapanda kutoka hapo. Tazama kwenye mtandao matokeo ya minada ya nje ya magari ya aina hii yaliyokwisha kuuzwa, si bei ambazo watu wanaziomba, na uchukue la hali nzuri linalotembea. Kutoka hapo toa gharama halisi ya kulifikisha lako kwenye hali hiyo: injini, turubai, rangi, usafiri wa vipuri na ushuru wake. Toa pia kitu kwa ajili ya hatari anayoibeba mnunuzi, maana hajui atakachokikuta ndani ya bloku. Kinachobaki ndiyo bei ya kuzungumzia. Ukimwonyesha mnunuzi hesabu hiyo kwenye karatasi, mtabishana juu ya mistari miwili mitatu, hamtabishana juu ya gari zima.

Wakala wa Forodha, Kilindini:

Niongeze la upande wangu. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, wala la usukani wa kushoto isipokuwa la kazi maalumu. Maana yake ni kwamba mtu wa hapa anayetaka Daytona la paa la kukunjwa hawezi kuagiza tu moja kutoka Marekani. Inambidi anunue lililokwisha kuwamo nchini lenye namba na logbuku. Hilo linakupa nguvu kwa wanunuzi wa ndani, hata wakiwa wachache.

Mnunuzi wa nje naye yupo. Marekani gari lililotimiza miaka 25 halidaiwi kufuata viwango vya usalama vya magari mapya, na la miaka 21 au zaidi lenye injini yake ya asili limesamehewa masharti ya moshi. Uingereza hulitoza gari la kale lililozidi miaka 30 kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 badala ya 20, bila ushuru wa forodha, mradi liwe katika hali yake ya asili bila mabadiliko makubwa ya fremu, usukani, breki au injini. Mtaona wenyewe kwamba injini ya Toyota ingewafungia milango yote miwili.

Kuhusu usafirishaji, meli za kupakia magari yanayojiendesha hazifurahii gari lisilowaka, na hulitoza zaidi zikilikubali. Gari hili halifiki mita tano, na kontena la futi 20 lina takriban mita 5.9 kwa ndani, kwa hiyo linaingia kwa nafasi, likivutwa kwa winchi, tangi likiwa tupu na betri imefunguliwa. Usajili utafutwa NTSA, na tamko la kuuza nje litawekwa KRA, mamlaka ya mapato, kupitia wakala mwenye leseni. Andikeni mapema kwenye mkataba nani analipa nini baina ya banda la Tudor na sitaha ya meli, maana ugomvi mwingi ninaouona hapa Kilindini unatoka kwenye gharama ambazo kila upande ulidhani ni za mwenzake.

Bi Wakili, Mji wa Kale:

Kaka Mrithi, nakupa pole, lakini nina wasiwasi na jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Umesema jina kwenye logbuku ni la marehemu. Basi kwa sasa wewe si muuzaji, hata kama mama na ndugu zako wote wamekubali kwa mdomo.

Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inakataza mtu kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria, na kuuza gari ni kuingilia. Kwa familia ya Kiislamu mgao hufuata sheria ya Kiislamu, na mtakwenda Mahakama ya Kadhi hapa Mombasa: warithi watajwe, madeni ya marehemu yalipwe kwanza, mama apate thumni yake, yaani moja ya nane, kwa kuwa kuna watoto, na kilichobaki kigawanywe kwa watoto, wa kiume sehemu mbili za wa kike. Msimamizi wa mirathi akishapatikana kwa amri ya mahakama, ndiye atakayeanzisha uhamisho wa umiliki NTSA kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na mnunuzi ataukubali kwenye akaunti yake. Angalieni sasa hivi kama rekodi ya gari inaonekana kwenye mfumo na kama namba za gari na injini zilizomo zinalingana na zilizogongwa kwenye chuma. Kosa la tarakimu moja kwenye karatasi ya zamani ni afadhali kulirekebisha kabla mnunuzi hajafika.

Dalali anayetaka kulipakia kesho anajua yote haya. Laki tatu yake ni bei ya gari lisilo na karatasi safi, na mkishakuwa na karatasi safi, ajue anazungumza na watu wengine. Siku ya mauziano msipokee hundi wala bunda la noti, malipo yapite benki kwenda akaunti ya mirathi, na gari lisitoke bandani kabla benki haijathibitisha. Kwenye mkataba elezeni kasoro za injini kwa maneno kamili. Maneno "linauzwa lilivyo" peke yake hayatoshi kumlinda muuzaji aliyeijua kasoro akainyamazia.

Mrithi wa Tudor:

Shukrani za dhati kwenu nyote, na hasa kwako mzee wangu wa Changamwe, uliyekubali kuja mwenyewe na geji yako.

Ninawaletea tuliyoyakuta. Namba ya injini inaanza na P, kwa hiyo ni ile ya 289, na inalingana na iliyoandikwa kwenye logbuku. Maombi ya hati ya kiwanda yamekwisha kutumwa South Bend. Oili ilikuwa nyeusi na nzito lakini haikuwa na maji. Injini ilizunguka kwa spana baada ya kulowekwa. Silinda sita zinakaribiana kwa mgandamizo, na mbili zinazopakana ziko chini sana, tena hazikupanda kwa oili, na mzee anasema kwa kuwa ni jirani, gasketi ya hedi ndiyo ya kushukiwa kwanza. Sampu iliposhushwa tulikuta chembe za rangi ya shaba kwenye oili, na beringi mbili za konrodi zimelika mpaka tabaka la juu limekwisha. Krankishafti kwenye sehemu hizo ina mikwaruzo inayohisiwa kwa ukucha, lakini haijabadilika rangi kwa moto. Milango yote miwili ilifunga vizuri gari likiwa juu ya jeki, kila upande. Sakafu ya upande wa dereva ina tundu la kutu, na fremu imegongwa yote kwa nyundo ndogo bila kupatikana mahali palipooza.

Kwa hiyo tumekubaliana nyumbani kwamba injini haitafunguliwa zaidi wala kuwashwa, na gari litauzwa lilivyo, baada ya amri ya mahakama kutoka. Ndugu yangu mkubwa ndiye anayeombewa usimamizi. Rasimu ya tangazo ni hii, na naomba mniambie kilichopungua:

"Linauzwa: Studebaker Daytona la 1964, paa la kukunjwa, usukani wa kushoto, limesajiliwa Kenya kwa namba ya zamani, logbuku ipo. Injini ya V8 ya inchi za ujazo 289 yenye namba inayolingana na logbuku. Injini haiwashwi: beringi mbili za konrodi zimelika, krankishafti inahitaji kusagwa, na gasketi ya hedi moja inashukiwa. Vipimo vya mgandamizo na picha za beringi zinapatikana. Fremu imekaguliwa, milango inafunga gari likiwa juu ya jeki. Sakafu ya kushoto ina tundu la kutu. Turubai limechanika, mbavu zake zote zipo. Muuzaji ni msimamizi wa mirathi. Linaonekana Mombasa kwa miadi."

Fundi Mstaafu, Changamwe:

Tangazo ni zuri. Kila tundu la plagi litiwe oili safi tena na plagi zirudishwe, ili unyevu usiingie tukingoja mahakama. Beringi mlizozitoa zifungwe kwenye mfuko, kila moja na namba ya silinda yake, na zikabidhiwe pamoja na gari, kwani fundi wa mnunuzi ataziomba.

Mkusanyaji, Nairobi:

Ongezeni namba ya kibati na kwamba hati ya kiwanda imeagizwa, na muiweke ikifika. Msitaje bei kwenye tangazo la kwanza, ila wekeni hesabu tayari. Picha ya tundu la sakafu iwe miongoni mwa tano za mwanzo. Mahakama ikishatoa amri, nijulisheni, nitateremka Mombasa kulitazama, na nitakuja na fundi wangu ili apime krankishafti mbele ya mzee.